Maktaba ya umma Uganda: thamani yake hutoka wapi, na huvujia wapi

Mkutubi wa mji anapoitwa mbele ya baraza kueleza kwa nini maktaba ipewe fedha, swali la kwanza huwa lile lile: mna vitabu vingapi? Akijibu elfu nne au elfu sita, madiwani huridhika na kuendelea na ajenda inayofuata. Swali hilo limepotosha mambo mengi. Ipo maktaba yenye vitabu elfu sita ambavyo havijafunguliwa tangu viteremshwe kutoka kwenye lori, na lipo sanduku la bati lenye vitabu arobaini ambalo limewazoesha watoto wa kijiji kizima kusoma.

Thamani ya maktaba ya umma huzaliwa kila kitabu kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kinachokisukuma kitabu ni gharama ndogondogo za kila mwezi: mtu wa kukaa mezani, saa ambazo mlango uko wazi, taa, na vitabu vipya katika lugha ambayo watu wanaisoma. Jengo hupata mfadhili upesi, na shehena ya vitabu vilevile, kwa sababu vyote viwili hufunguliwa kwa utepe na kupigwa picha. Mshahara wa msaidizi wa mkutubi na betri mpya ya sola havikatiwi utepe. Hapo ndipo maktaba nyingi za wilaya hudhoofika.

Ni ya nani hasa?

Mkanganyiko wa kwanza ni wa umiliki, na una historia yake. Huduma ya kuazimisha vitabu kwa umma ilienea Afrika Mashariki kupitia East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948. Ilituma masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha kwa njia ya posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1964 iliunda Bodi ya Maktaba za Umma ya Uganda, na matawi ya miji yakaendeshwa kutoka Kampala. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikageuza mpangilio huo: maktaba za umma zikashushwa kwa wilaya na miji. Mwaka 2003 Bodi ikafutwa na Maktaba ya Taifa ya Uganda ikaanzishwa kwa sheria mpya.

Kwa hiyo leo Maktaba ya Taifa, yenye makao Barabara ya Buganda mjini Kampala, hutoa mwongozo, hugawa baadhi ya vitabu, hutoa namba za ISBN, za kutambulisha kila kitabu, kwa wachapishaji na kuhifadhi nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Haimlipi mkutubi wa Lira wala haibadilishi balbu ya Masindi. Hayo ni ya wilaya au mji. Msomaji anayekuta mlango umefungwa akaandika malalamiko Kampala amebisha hodi nyumba isiyo yake. Mlango wake ni wa Karani wa Mji au Afisa Mkuu Mtendaji wa wilaya, na kwa kawaida maktaba hukaa chini ya idara ya maendeleo ya jamii, ikigombea fungu moja na vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Katika idara hiyo maktaba hukatwa kwanza, maana vitabu haviji ofisini kulalamika.

Kando ya hizo kuna maktaba za jamii, ambazo hazimilikiwi na serikali. Kitengesa, karibu na Masaka, ni mfano unaojulikana: ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu, ikapata jengo lake, na ikabuni utaratibu wa kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari wanaofanya kazi maktabani. Utaratibu huo unatatua tatizo la mtu wa kukaa mezani bila kungoja mshahara wa serikali, na unamlea msomaji kwa wakati uleule. Maktaba za namna hii zina chama chao tangu 2007, Uganda Community Libraries Association. Nakaseke ilipita njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mawasiliano cha jamii kilianzishwa huko kwa msaada wa UNESCO na washirika wengine, na kompyuta na maktaba ya umma vikakaa pamoja.

Maktaba ya shule ni jambo tofauti, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Mwenye kulipa karo ndiye mwenye haki nayo. Aliyeacha shule darasa la sita hana mlango pale, na mama wa soko hana. Maktaba ya umma ndiyo pekee ambayo mtu yeyote huingia bila kuulizwa amesoma mpaka wapi.

Hesabu ya kitabu kinachotembea

Tuchukue kitabu cha hadithi chenye bei ya shilingi 20,000. Mzazi akikinunua, kitasomwa na watoto watatu wa nyumba hiyo, kisha kitakaa juu ya kabati. Kikiwa maktabani, muda wa kuazima ukiwa siku 14, mwaka una vipindi 26. Tuseme nusu ya vipindi hivyo kitabu kiko rafuni: kimeazimwa mara 13. Kikifungwa kwa karatasi ya plastiki na mgongo wake kutiwa gundi na utepe kabla ya kutolewa mara ya kwanza, kitabu chembamba cha jalada laini huweza kudumu miaka mitatu. Hiyo ni mikono 39, yaani kama shilingi 513 kwa kila msomaji. Kitabu hichohicho kikiazimwa mara mbili tu kwa mwaka, kila msomaji amegharimu zaidi ya shilingi 3,300. Kikifungiwa kabatini, shilingi 20,000 zote zimezikwa.

Hesabu ya maktaba nzima huenda vivyo hivyo. Tuseme mshahara, usafi, maji, umeme na vitabu vipya vinafika milioni 24 kwa mwaka, na mlango uko wazi siku 250. Wakija watu 20 kwa siku, kila ujio umegharimu shilingi 4,800. Wakija watu 100, ni shilingi 960. Gharama haijabadilika, walioongezeka ni watu. Ndiyo maana kupunguza bajeti ya maktaba iliyo tupu huizidisha utupu: fungu la kwanza kukatwa huwa vitabu vipya, wasomaji hupungua, gharama ya kila ujio hupanda, na mwaka unaofuata mhasibu huonyesha kwamba maktaba ni ghali.

Wanaopata faida, na namna wanavyoipata

Kundi kubwa ni wanafunzi, na tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020 haja yao imebadilika. Zamani mwanafunzi alikuja na daftari lake kutafuta kiti na kimya. Sasa anatakiwa kufanya miradi na kutafuta taarifa mwenyewe, na alama za tathmini endelevu, asilimia 20, huchangia matokeo yake ya mwisho. Shule nyingi hazina vitabu vya kumtosha. Maktaba ya mji inayojua miradi inayotolewa muhula huo katika shule zilizo karibu huweza kuandaa rafu moja ya mada hizo. Kinachohitajika ni mkutubi kuwaendea walimu wiki ya kwanza ya muhula na kuuliza, kazi ya asubuhi mbili.

Watoto wadogo ndio wanaosahaulika, na kwao faida ni kubwa kuliko wote. Mtaala wa mwaka 2007 unataka darasa la kwanza mpaka la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha waingie Kiingereza kuanzia la nne. Mtoto hawezi kuizoea herufi kwa kitabu kimoja cha kiada. Anahitaji vitabu vingi vyembamba, virahisi, vya lugha ya nyumbani, avisome mpaka achoke. Vitabu vya Luganda hupatikana. Vya Lugbara, Lumasaaba au Ateso ni vichache madukani, hivyo maktaba yenye akili hujichapishia. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi nyingi za watoto, zikiwamo za lugha za Uganda na za Kiswahili, kwa leseni inayoruhusu kuchapisha bila malipo. Kitabu cha kurasa 16 za nusu ya A4 hutumia karatasi nne zilizochapwa pande zote mbili na kukunjwa, pamoja na moja nzito ya jalada. Ingiza pini mbili kwenye mkunjo kwa stepla ya mkono mrefu. Stepla ya kawaida haifiki katikati, na anayelazimisha hubana pembeni, kitabu kikakataa kufunguka.

Wazo hilo lina historia hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Maktaba ya Taifa na shirika la Anywhere Books walizungusha gari lenye dishi la setilaiti, printa na mashine ya kujalidi, likichapa vitabu palepale watoto waliposimama. Gari ni ghali. Printa ya leza na stepla vinaenea mezani kwa mkutubi.

Wakulima na wagonjwa huhitaji kitu kingine: taarifa isiyopitwa na wakati. Kitabu kizuri cha mahindi kilichochapwa 2010 hakimtaji kiwavijeshi vamizi, kwa kuwa mdudu huyo aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Mkulima wa Masindi anayekitumia atatafuta kiwavijeshi wa zamani, atakosea dawa, na shamba litaliwa. Vijitabu vya VVU vinavyosema mgonjwa angoje kinga ishuke ndipo aanze dawa ni hatari zaidi, kwani mwongozo wa kuanza dawa mara mtu anapopimwa na kukutwa na virusi umekuwa ukifuatwa nchini tangu 2016. Na tangu Julai 2024, toleo jipya la sheria zote za Uganda limebadilisha namba za sura. Raia anayenakili namba ya sura kutoka toleo la mwaka 2000 ataonekana mjinga mbele ya karani wa mahakama, na kosa si lake.

Intaneti nayo imo. Kuanzia 2018 watu walitozwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kwa kijana anayetafuta kazi, kujaza fomu moja yenye viambatisho kunaweza kumgharimu chakula cha siku. Kompyuta mbili zenye mtandao maktabani, kila mtu dakika 40, humwondolea mzigo huo.

Kwa wasioona, Uganda ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2018, unaoruhusu kutengeneza na kubadilishana nakala za sauti, nukta nundu au maandishi makubwa. Maktaba ya wilaya isiyo na mashine ya nukta nundu bado inaweza kuweka simu moja yenye programu ya kusoma kwa sauti na jozi ya vipokea sauti. Ni mwanzo mdogo, lakini ni haki yao.

Kiswahili kwenye rafu

Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika mtaala wa 2020 tayari kilikuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Ukiingia maktaba nyingi za miji, utaona amri hizo hazijafika rafuni: kamusi moja iliyochanika, na vitabu viwili vya kiada vya miaka ya tisini.

Haja ya Kiswahili haikuanza na mtaala. Wanunuzi na madereva wa Busia na Malaba hukitumia kila siku. Familia za Wanubi za Bombo na Arua wanakijua, na askari na jamaa zao vilevile. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, maelfu ya Wakongo hawana lugha nyingine ya kusomea pamoja. Kiswahili chao kina lafudhi na maneno yake, lakini hadithi ya Kiswahili sanifu iliyoandikwa kwa sentensi fupi wanaisoma bila taabu, na wengi wao walikwishasoma shule kwa Kifaransa, hivyo rafu ya Kiingereza haiwafai kitu. Maktaba iliyo karibu na makazi hayo isiyo na Kiswahili imewafungia mlango wakiwa wamesimama ndani.

Ununuzi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya Nairobi na Dar es Salaam hupatikana kwa wauzaji wa Kampala, na miji ya mpakani huweza kuagiza kwa jirani. Anza na kamusi tatu au nne, si moja, kwa kuwa kamusi ndiyo hugombaniwa. Ongeza hadithi fupi na vitabu vya watoto kuliko riwaya nene, kisha nakala tano tano za tamthilia na diwani zinazotahiniwa. Zaidi ya hapo, sikiliza wanachouliza watu.

Kuna tatizo moja dogo la upangaji ambalo huwapoteza wanaojifunza. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, hutia lugha ya Kiswahili namba 496.392 na fasihi yake 896.392. Kamusi inakaa upande mmoja wa chumba na hadithi upande wa pili, na mgeni anayeikuta kamusi peke yake huondoka akidhani hakuna zaidi. Ziache namba zake mgongoni, katalogi isivurugike, lakini viweke vitabu hivyo vyote kwenye rafu moja yenye bango KISWAHILI usawa wa macho. Fanya hivyo kwa kila lugha ya eneo lako. Dewey ni mtumishi wa msomaji.

Thamani inapovujia

Mlango hufungwa saa ambazo watu wana nafasi. Maktaba nyingi hufuata saa za ofisi, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula. Ni saa 40 kwa wiki. Kati ya hizo, saa ambazo mwanafunzi wa kutwa yuko huru wakati wa muhula ni karibu sifuri. Hamisha kazi iwe Jumanne mpaka Ijumaa, saa tano asubuhi hadi saa moja jioni, na Jumamosi saa nane nzima. Bado ni saa 40, mshahara ni uleule, lakini sasa wanafunzi wana saa 16. Penye Waadventista wengi, kama sehemu za Kasese, Jumapili itafaa kuliko Jumamosi, na penye Waislamu wengi mchana wa Ijumaa uachwe. Hakuna mageuzi mengine yasiyogharimu fedha yenye tija kama haya. Kinachokwamisha ni utaratibu wa utumishi, hivyo mkutubi apewe barua ya Karani wa Mji inayotaja saa hizo mpya, asije akahesabiwa mtoro siku ya Jumatatu.

Mvujo wa pili ni hofu. Vitabu vya serikali ni mali ya umma, na wakaguzi wakija huuliza kilichopungua. Mkutubi anayeogopa kukatwa mshahara hufunga kabati, na hakuna wa kumlaumu. Dawa ni kukubali kwa maandishi kwamba vitabu huisha kama chaki inavyoisha. Maktaba inayoazimisha kutoka mkusanyo wa vitabu 2,000 ipange tangu mwanzo kupoteza mia moja kwa mwaka, kwa bei ya wastani ya 20,000 ni shilingi milioni mbili, na fungu la kuvirudisha liwemo kwenye bajeti. Kila kilichochakaa au kupotea kiandikwe, na orodha ipelekwe kwa kamati ya kukagua mali mwisho wa mwaka wa fedha ili kifutwe kihalali kwenye daftari la usajili.

Dhamana ya fedha hupunguza upotevu kidogo na wasomaji wengi. Barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, namba ya simu na jina la mtu mzima anayemjua mwombaji hutosha. Mpe msomaji mpya kitabu kimoja, akikirudisha kwa wakati mpe viwili. Faini ya fedha kwa mtoto iondolewe kabisa, kwani anayedaiwa shilingi elfu tatu huficha kitabu na yeye mwenyewe hujificha, na umempoteza msomaji pamoja na kitabu.

Misaada ndiyo sura ngumu, kwa kuwa kukataa zawadi ni utovu wa adabu. Hata hivyo kontena la ensaiklopidia za 1985 na vitabu vya kodi ya nchi nyingine lina gharama: nauli ya lori, nafasi ya rafu, siku za kusajili, na sifa ya maktaba. Msomaji anayevuta vitabu vitano akakuta vyote havimhusu hatavuta cha sita. Kabla ya kupokea, mwombe mfadhili orodha na mwaka wa kuchapwa. Sayansi, afya, sheria na kompyuta visizidi miaka kumi, na hata hivyo vikaguliwe. Hadithi na vitabu vya watoto havizeeki hivyo. Mwandikie kwa adabu unachohitaji, pamoja na majina ya vitabu na idadi, na umweleze kwamba fedha za kununua Kampala zitasaidia pia waandishi wa hapa. Wafadhili wengi hushukuru wakiambiwa ukweli.

Mchwa na unyevu humaliza kilichobaki. Rafu ya chini iinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni ili ufagio upite na njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema, na rafu zote zisogezwe kama sentimita 10 kutoka ukutani hewa ipite. Rafu za chuma ni bora, lakini mchwa hupanda ukuta na kuvuka kupitia kitabu kilichoegemea, hivyo chuma peke yake hakitoshi. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, vitabu visibanwe sana. Vikibanwa hushika ukungu kuanzia katikati ya safu, usipopaona. Kilicholowa usikianike juani, karatasi itapinda: kisimamishe wima kurasa zikiwa wazi, tia karatasi kavu kila baada ya kurasa ishirini na uibadilishe ikiloa.

Kuhusu umeme, kosa ni kununua paneli kabla ya kuhesabu matumizi. Taa sita za wati 9 zikiwaka saa nne ni wati-saa 216. Paneli ya wati 100 hutosha kurudisha nguvu hiyo kwa siku ya kawaida. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una 600, usiku miwili ya mawingu na kidogo zaidi. Mfumo huo huruhusu watahiniwa kusoma mpaka saa nne usiku miezi ya Oktoba na Novemba. Kinachouua ni simu. Jirani mmoja huchaji, kesho kumi, na betri inayomalizwa kila usiku hufa ndani ya mwaka. Ikiwa kuchaji simu ni huduma mnayoitaka, na yaweza kuleta pato, iwe na paneli na betri yake.

Kompyuta za mradi nazo huzimika mradi unapoisha na bando la data kukosa wa kulilipia. Zijazwe mapema vitu visivyohitaji mtandao: programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili pia, na ile ya Kolibri huhifadhi masomo ya video na mazoezi. Kompyuta moja ndogo huwasambazia wasomaji ndani ya chumba kwa Wi-Fi, bila shilingi moja ya data. Mtandao wenyewe ubaki kwa fomu, barua pepe na matokeo ya mitihani.

Kuhesabu kinachostahili kuhesabiwa

Daftari la kutia sahihi mlangoni halitoshi, maana wengi hawalisaini na wanaokuja mara tatu huhesabika mara moja. Hesabu tatu ndizo zina maana. Walioingia, kwa mistari ya tano tano kwenye karatasi ya mezani, kila saa na mstari wake. Vilivyoazimwa, kwa lugha na kwa umri. Na maswali yaliyokosa jibu, hata yakiandikwa kwa neno moja tu: "chanjo ya kuku", "pasipoti", "kamusi". Hesabu ya kila saa huonyesha wakati wa kufungua. Orodha ya yaliyokosekana ndiyo orodha ya manunuzi, na ni bora kuliko katalogi ya muuzaji yeyote. Asiyeweza kuhesabu kila siku ahesabu wiki moja kamili kila robo mwaka, wiki ya kawaida isiyo ya likizo wala ya mitihani, na aseme wazi kwamba ni wiki moja.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango ya wilaya na miji huanza kuandikwa miezi mingi kabla, na makongamano ya bajeti hufanyika mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Mkutubi, au kikundi cha wasomaji, aandae ukurasa mmoja: walioingia kwa wiki na gharama ya kila ujio, vitabu vilivyoazimwa, maswali kumi yaliyokosa jibu, na maombi manne yenye bei. Msaidizi wa jioni na Jumamosi. Vitabu vya kurudishia vilivyoisha. Vitabu vipya vya lugha za eneo na vya Kiswahili. Betri. Ukurasa huo uwe mezani kwa ofisa mipango kabla ya kongamano, na diwani mmoja awe ameusoma na yuko tayari kuutetea, kwa sababu ombi ambalo halikuingia kwenye rasimu ya kwanza ni nadra kupata fungu Julai inapofika.